Thumni ya Nini? Hesabu za Sehemu katika Shule za Pwani ya Kusini

Mhadhara uliotolewa Msambweni mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi

Wazee wangu, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana ambao najua wengine mmeletwa hapa bila kuulizwa: nashukuru kwamba mmekaa. Mada ya hesabu za sehemu haijawahi kujaza ukumbi popote, na jua la leo si la kuchezea.

Nianze na hesabu moja. Nusu ujumlishe na thuluthi: 1/2 + 1/3. Mpe mtoto wa Gredi ya Tano, Vanga au Ng'ombeni, Kinango au Diani, na ukichungulia madaftari utaliona jibu 2/5. Njia yake ni wazi. Amejumlisha za juu, moja na moja, akapata mbili. Amejumlisha za chini, mbili na tatu, akapata tano. Mwalimu anachukua kalamu nyekundu, anakata, anaandika 5/6 pembeni, anaendelea na daftari linalofuata.

Sasa fuateni kalamu hiyo hiyo nyekundu. Mwisho wa wiki mwalimu yule yule anajumlisha alama za mtoto yule yule. Zoezi la kwanza 7/10. Zoezi la pili 15/20. Chini anaandika jumla: 22/30. Amejumlisha za juu, amejumlisha za chini, na hakuna aliyemkata. Mtoto anaona hivi kila wiki, tena juu ya jambo linalomgusa kuliko yote yaliyomo daftarini, yaani alama zake. Tukimuuliza amejifunza wapi kufanya 2/5, kwa haki atatuonyesha mwandiko wetu wenyewe.

Na mwalimu hakukosea. 22/30 ni sawa kabisa. Maswali kumi yalikuwa kumi, maswali ishirini yalikuwa mengine ishirini, na yakikutanishwa ni maswali thelathini. Kitu kizima cha kwanza na kitu kizima cha pili vimeunganishwa vikawa kitu kizima kipya, kikubwa zaidi. Lakini nusu ya mkate na thuluthi ya mkate huo huo hazizai mkate mwingine. Mkate ni mmoja kabla ya kujumlisha, na ni mmoja baada ya kujumlisha. Alama mbili za karatasini zinafanana, 7/10 na 1/2, lakini swali lililo nyuma yake si moja. Mimi nadai kwamba karibu kila tabu ya hesabu za sehemu, kuanzia darasani hadi kwenye baraza la chifu, inatokana na kutoulizwa swali hilo la nyuma: sehemu ya nini?

Angalieni jinsi ambavyo jibu la 2/5 lingejikana lenyewe kama mtoto angepewa nafasi. Nusu ya tano ni mbili na nusu. Kwa hivyo 2/5 haifiki nusu. Mtoto alikuwa na nusu, akaongezewa thuluthi, akaishia na kilicho chini ya ile nusu aliyoanza nayo. Mwambie hivyo kwa mahamri badala ya namba, na atakataa mara moja, pengine kwa kelele. Anayekubali hasara hiyo karatasini si mjinga. Amefundishwa kwamba karatasini mambo ni mengine.

Msidhani haya ni ya Kwale peke yake. Mwaka 1978, katika mtihani wa kitaifa wa kupima maendeleo ya elimu Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie tu, bila kukokotoa, 12/13 + 7/8 ni karibu na ngapi. Walipewa majibu ya kuchagua: 1, 2, 19, 21. Sehemu ya kwanza imekosa kidogo tu kufika moja kamili, na ya pili vivyo hivyo, basi jibu ni 2. Waliochagua 2 walikuwa 24 kwa kila 100. Waliochagua 19 walikuwa 28, na waliochagua 21 walikuwa 27. Kumi na tisa ni 12 na 7. Ishirini na moja ni 13 na 8. Nchi iliyokwisha kupeleka watu mwezini ilikuwa na zaidi ya nusu ya vijana wake wanaoona kwamba vitu viwili visivyofika kimoja kimoja, vikiwekwa pamoja, ni kumi na tisa au ishirini na moja. Swali hilo liliporudiwa na watafiti mwaka 2014 kwa wanafunzi wa darasa la nane la huko, hali ilikuwa imebadilika kidogo sana: waliochagua 2 walikuwa 27 kwa 100.

Na si jambo dogo la kusema litapita. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa miaka mingi. Waliona kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya mtoto akiwa na miaka kumi hivi unabashiri aljebra yake ya sekondari, hata baada ya kuzingatia kipato na elimu ya wazazi na akili ya mtoto mwenyewe. Kujumlisha na kutoa namba nzima hakukuwa na nguvu hiyo.

Turudi nyumbani. Kinachonisikitisha ni kwamba pwani hii si mahali palipokosa hesabu za sehemu. Pamejaa. Chukueni pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, na katikati yake pana kisaga, ambacho ni vibaba viwili. Siku hizi duka la Ukunda linauza kwa kilo na mizani, lakini Ramadhani ikikaribia kuisha pishi inarudi kwenye midomo ya watu, kwa sababu zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, kama kilo mbili na nusu. Mama mwenye mchele kisaga kimoja, jirani akimletea kibaba, hana haja ya kutafuta kigawe cha shirika. Anasema ana vibaba vitatu, imebaki kimoja pishi itimie. Alichofanya ni 1/2 + 1/4 = 3/4, tena kwa njia halali ya kihesabu: amebadili vipimo viwili tofauti kuwa kipimo kimoja kidogo kinachoingia katika vyote viwili, ndipo akahesabu. Kibaba ndicho hiyo namba ya chini ya pamoja ambayo ubaoni huchukua vipindi vingi na viboko vingi. Viboko nimevitaja vya zamani, msinishitaki.

Urefu nao ulikwenda hivyo hivyo. Pima ni mikono minne, mkono ni shibiri mbili. Wanaosuka ukili Gazi na Msambweni wanavijua vipimo hivi kwa viungo vyao. Kwa hivyo mkono ni robo ya pima, na shibiri ni thumni ya pima. Mtaona kwamba vipimo hivi vya kwetu vinakwenda kwa kukata katikati, kisha katikati tena, kisha tena: nusu, robo, thumni. Ndiyo maana watoto wetu huzipokea sehemu hizo tatu bila ugomvi, na ndiyo hizo hizo zinazotangulia katika madarasa ya chini. Ugomvi unaanza na tatu. Thuluthi haipatikani kwa kukunja katikati hata ukikunja mpaka magharibi.

Lakini hata thuluthi tunayo, na tunayo mahali pazito kuliko sokoni: katika mirathi.

Hapa naomba nikae kidogo. Mtoto wa Kiislamu wa pande hizi hukutana na sehemu katika vyumba vitatu tofauti. Kwenye somo la Kiswahili anakariri akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Anazikariri kama msamiati, anaulizwa kwenye jaribio sudusi ni nini, anaandika 1/6, anapata alama, basi. Kwenye somo la Hisabati anakutana na 1/6 hiyo hiyo kwa Kiingereza, maana sera yetu ni kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mazingira, na kuanzia Gredi ya Nne Kiingereza kishike. Yaani lugha inabadilishwa pale pale hesabu za sehemu zinapoanza kuwa ngumu. Kisha jioni anakwenda chuoni kwa ustadhi, na akipanda madarasa anasikia kwamba mjane wa mume mwenye watoto ana thumni, na kwamba mama wa marehemu mwenye watoto ana sudusi. Vyumba vitatu, mtoto mmoja, na hakuna ukuta hata mmoja uliotobolewa mlango. Sijaona mwalimu wa Hisabati aliyemwambia mtoto: ile sudusi ya ustadhi wako ndiyo hii.

Kuna anayesema dawa ni Kiswahili tu. Vuka mpaka Lunga Lunga uingie Horohoro, na shule za msingi za serikali za Tanzania zinafundisha Hisabati kwa Kiswahili hadi mwisho. Namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili, na kigawe kidogo cha shirika kina ufupisho wake, KDS. Naona faida yake, na ningependa watoto wetu waonje. Ila 2/5 haiombi pasipoti. Mtoto anaweza kujumlisha viasi na asili kwa Kiswahili fasaha na bado akakosa, kama hajui ni sehemu za kitu gani.

Basi tuingie kwenye mirathi yenyewe. Sura ya An-Nisaa imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kwetu Udigoni zamani mali ilielekea kwa mpwa, mtoto wa dada, na wazee waliopo hapa wanakumbuka misuguano ya ada hiyo na sheria. Sitaingia humo leo. Leo Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeitaja katika Kifungu cha 170, inashughulikia mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na mafungu ni hayo sita.

Tuseme mzee amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba yake na mama yake. Ameacha minazi 216. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili kwa pamoja, baba sudusi, mama sudusi. Hesabuni na mimi. Thumni ya 216 ni minazi 27. Thuluthi mbili ni minazi 144. Sudusi ni minazi 36, na sudusi nyingine 36. Jumla: 243. Lakini shamba lina minazi 216! Kila mmoja amepewa haki yake sawasawa, na imepungua minazi 27 ambayo haijawahi kupandwa.

Mnaona uzuri wa jambo hili kwa mwalimu? Hakuna aliyekosea kugawa. Mafungu yenyewe yanazidi kitu kizima. Tukiyaweka kwenye namba moja ya chini, ambayo wanazuoni wa faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, huiita asili ya masala, tunapata 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla yake ni 27, yaani 27/24, sehemu inayozidi moja. Wanafunzi wengi wakiona namba ya juu imeipita ya chini hudhani kuna makosa ya chapa.

Ufumbuzi wake unaitwa auli. Sahaba Umar bin al-Khattab alikabiliwa na masala ya namna hii, mume na dada wawili, nusu na thuluthi mbili, ambayo ni 7/6. Ikakatwa shauri kwamba upungufu uingie kwa kila mrithi kwa kadiri ya fungu lake. Katika masala yetu, badala ya kugawa shamba mafungu 24, tunaligawa mafungu 27, kila fungu minazi 8. Mke anapata mafungu 3, minazi 24. Mabinti mafungu 16, minazi 128, kila mmoja 64. Baba 32, mama 32. Jumleni: 216. Hakuna mnazi uliobaki, hakuna aliyekosa. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa masala haya haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo, bila kukatiza hotuba, kwamba thumni ya mke imekuwa tusui. Ndiyo hiyo: 3/27 ni 1/9. Na tazameni kila mrithi: aliyekuwa apate 27 kapata 24, wa 144 kapata 128, wa 36 kapata 32. Kila mmoja amepoteza tusui ya alichotarajia, wala hakuna aliyepunjwa kuliko mwenziwe. Ibn Abbas hakuikubali auli, na Mashia wanayo njia yao. Nayo ni hesabu nzuri, mtafuteni ustadhi awaeleze.

Sioni kwa nini masala haya yasisomwe Gredi ya Sita. Mna ndani yake kutafuta namba ya chini ya pamoja, kulinganisha, sehemu inayozidi moja, kurahisisha, na kuhakiki jibu. Na mtoto asiye Mwislamu hapotezi chochote. Minazi ni minazi. Aljebra yenyewe ina deni hapa. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kutatua masala ya wasia na mirathi. Hata ule mstari tunaouchora kati ya namba ya juu na ya chini ulitumiwa na wanahisabati wa Maghreb katika karne ya 12, al-Hassar akiwa miongoni mwao, kabla ya Fibonacci kuupeleka Italia katika kitabu chake cha 1202.

Sasa kugawanya kwa sehemu. Hili ndilo kaburi la walimu. Kanuni tunayoimba ni: geuza ya pili, uzidishe. Mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa ndivyo inavyofanywa.

Mwaka 1999 Liping Ma, mtafiti aliyezaliwa Uchina akasomea Marekani, alitoa kitabu kuhusu walimu wa shule za msingi wa nchi hizo mbili. Aliwaomba wakokotoe 1¾ ÷ ½, kisha watunge kisa kinachofaa hesabu hiyo. Kwa Marekani walikuwa walimu 23. 21 walijaribu kukokotoa na 9 wakapata jibu kamili. Kisa sahihi alikitoa mwalimu mmoja. Kwa Uchina walikuwa 72; wote walipata jibu, na 65 walitunga kisa kinachofaa. Kosa la visa vya Marekani lilikuwa moja kubwa: waligawa kwa watu wawili, wakidhani kugawa kwa nusu ndiko huko.

Walimu wenzangu, tusicheke. Tungeni chenu hapo mlipokaa, kabla sijatoa changu.

Changu ni hiki. Mama wa Diani ana unga kilo 1¾ na anaupakia katika pakiti za nusu kilo. Atapata pakiti ngapi? Tatu, na unabaki robo kilo. Kanuni inasema 7/4 × 2 = 3½. Hapo kijana mwerevu atanyanyua mkono: mwalimu, uliobaki ni robo, mbona jibu linasema nusu? Mpeni kijana huyo soda. Robo ya kilo ni nusu ya pakiti. Tulianza kuhesabu kilo, tumemaliza tukihesabu pakiti, na kitu kizima kimebadilika katikati ya safari bila kutangazwa. Asiyejua hilo atapata jibu sahihi na asijue amepata nini.

Na ile kanuni ya kugeuza, inaonekana kwa ukili. Chukua ukili wa pima moja, yaani mikono minne. Kila kipande unachotaka ni robo tatu ya pima, yaani mikono mitatu. Katika pima moja kuna vipande vingapi? Kimoja, na unabaki mkono mmoja. Mkono mmoja ni thuluthi ya kipande cha mikono mitatu. Kwa hivyo 1 ÷ 3/4 ni 1⅓, ambayo ni 4/3. Tazama: 3/4 imegeuka. Haikugeuzwa na mwalimu, imegeuka kwa sababu tulianza kupima mikono minne kwa mikono mitatu. Ukiwa na pima tano, unazidisha kwa tano, basi. Somo hili linaweza kufundishwa chini ya mwembe bila karatasi hata moja, na mimi naamini linafundisha zaidi kuliko ile michoro ya pizza iliyomo katika baadhi ya vitabu. Mtoto wa Kinango pizza hajaionja, na hata aliyeionja hotelini Diani hawezi kuikata humusi kwa macho. Mviringo ni kitu kigumu kukata sawa. Kamba inakunjika, inawekwa sambamba na kamba nyingine, na mtoto anaona kwa jicho lake kwamba 2/5 iko nyuma ya nusu.

Mitihani nayo ilichangia. KCPE, iliyoanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa na maswali 50 ya Hisabati ya kuchagua A, B, C au D. Mwanafunzi mjanja alijua kupata jibu la sehemu kwa kufuta majibu yasiyowezekana, nao ulikuwa ujuzi wa maana kuliko tulivyoukubali, maana kujua jibu haliwezekani ndiko kujua ukubwa wa sehemu. Tatizo ni kwamba karatasi haikumuuliza alifikaje. Mtaala wa umilisi unasema mtoto afanye kwa mikono na aeleze. Maneno mazuri, nangoja kuyaona katika darasa lenye watoto themanini.

Nimalizie na jambo la wakubwa. Mchanga wa madini wa Maumba na Nguluku ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium, meli ya kwanza ikaondoka 2014, na uchimbaji ukafika mwisho 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe hivi: 70 kwa 100 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakieleza kwamba jamii ina haki ya moja ya kumi ya madini. Sivyo. Ni moja ya kumi ya mrabaha, na mrabaha wenyewe ni sehemu ya thamani ya mauzo. Kiwango hutegemea madini na makubaliano. Tuchukue 5 kwa 100 kwa mfano tu. Hiyo ni 1/20. Moja ya kumi ya 1/20 ni 1/200. Katika kila shilingi 200 za madini yaliyouzwa, fungu la jamii lingekuwa shilingi moja. Kama shilingi hiyo ni haki au si haki, hilo ni jambo la siasa, na kila mmoja ana maoni yake. Lakini anayedai 1/10 akidhani ni ya shilingi 200 na anayelipa 1/10 ya shilingi 10 wanaweza kukaa kwenye mkutano mmoja siku nzima, wote wakisema "moja ya kumi", na wasielewane.

Fedha za kaunti ni vivyo hivyo. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kaunti zote pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Wengi huishia hapo. Kifungu hicho hicho kinaendelea kwamba asilimia hiyo inapigwa juu ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kuidhinisha hesabu, asilimia 15 inapigwa juu ya mapato ya miaka ya nyuma, ambayo kwa kawaida yalikuwa madogo. Asilimia haikuguswa. Kilichopungua ni kile kinachokatwa.

Sasa ombi langu, na ni la kazi. Wakuu wa shule za Matuga, Kinango, Msambweni na Lunga Lunga: muhula ujao tengeni kipindi kimoja tu cha Gredi ya Sita, mwiteni mwalimu wa faraidhi wa chuo cha karibu, akae na mwalimu wa Hisabati mbele ya ubao mmoja, na wawape watoto masala ya minazi 216 bila kuwaambia mapema kwamba haitatosha. Wazazi, daftari likija nyumbani na 2/5, msilikate. Muulizeni mtoto kwanza kama 2/5 inafika nusu, kisha mwacheni afikiri. Shule itakayokosa ukili inijulishe. Nitauleta, na nauli nitajilipia.